Tupeane uzoefu: nani aliwahi kufunga safari kwa ajili ya maua tu?

Asumini ya Jioni
Assalaam aleikum wanajamvi. Jana magharibi nimepita Darajani nikamkuta bi mkubwa mmoja kaweka sinia la asumini, vikuba vya maua ya kunukia upande huu, rehani upande ule. Nikanunua vishada viwili nikavitia mkobani. Hadi tunafika Fuoni daladala zima linanukia, konda akaniuliza harusi ya nani. Nikamwambia harusi ya pua yangu.

Ndiyo nikakumbuka hamu yangu ya siku nyingi. Kuna watu duniani wanapanda ndege kwenda kuangalia maua, wakimaliza wanarudi kwao. Je, humu kuna aliyewahi kufanya hivyo? Si harusi, si msiba, si mzigo wa biashara. Maua tu. Ulifika yakiwepo au ulikuta yamekwisha? Nataka kutoka mwakani inshallah na sijui niende wapi.

Babu Pishi
Mie kila msimu natoka Mjini hadi Pemba kwa ajili ya maua. Tena nalipwa, kwa pishi.

Asumini ya Jioni
Babu, shikamoo. Karafuu ni kazi hiyo. Nazungumzia kutembea.

Babu Pishi
Marahaba. Karafuu ni ua mwanangu, ua ambalo halijafunguka. Linachumwa likiwa limefumba, kichwa kimeanza kuwa chekundu kidogo. Ukichelewa likafunguka, bei imeondoka. Watu wanatia ua mdomoni kila siku kwenye pilau halafu wanasema wanataka kwenda kuona maua.

Ukwaju
Babu kasema kweli, ila Pemba hapana cha kutembelea zaidi ya mikarafuu yenu na barabara za milima.

Mtoto wa Mtambwe
Ukwaju tuheshimiane. Mkarafuu mlikuwa nao nyie Unguja hadi dhoruba ya 1872 ikawang'olea, mkatuachia sisi. Hadi leo mnakula kwa jina letu.

Ukwaju
Dhoruba ya 1872 inanihusu nini mie, hata babu yangu hajazaliwa.

Mtoto wa Mtambwe
Nimeacha. Ila swali la dada limenigusa pengine.

Kuna mwaka mmoja, nilikuwa darasa la tano, wachumaji hawakupatikana. Karafuu ziliwiva kote kwa pamoja, kila mwenye shamba anatafuta watu, na baba alikuwa mgonjwa wa mguu hawezi kupanda. Tulichuma sisi watoto matawi ya chini, makanda mawili matatu kwa siku. Juu hatukuruhusiwa, tawi la mkarafuu halina huruma, linakatika bila kukonya. Basi juu kule zikaanza kufunguka.

Mie sikuwahi kuona mkarafuu umechanua mzima. Kwetu unaona vichwa vilivyofumba, kisha unaona jamvi uani, kisha gunia. Siku hiyo nimetoka chuoni, madrasa, asubuhi, napita chini ya miti yetu, nasikia mvumo. Nyuki. Naangalia juu: mti mzima umetoa nyuzi nyeupe, nyembamba kama nywele za mtoto mchanga, zinadondoka moja moja zinanikalia kwenye kofia. Harufu si ile kali ya jamvini, hii ilikuwa laini, tamu. Nimesimama hapo hadi shingo inauma.

Nikakimbia nyumbani niseme. Baba yuko barazani, mguu juu ya kigoda, ameshazisikia nyuki kabla yangu. Alinitazama kofia, akaipangusa kwa kiganja zile nyuzi zikaanguka, asiseme kitu. Mama akaniita jikoni. Mwaka ule hatukushonewa nguo za Idi.

Sasa mtu akiniuliza maua mazuri kuliko yote niliyoyaona, nayajua ni yapi, lakini mbele ya mzee siwezi kuyataja.

Babu Pishi
Hii umeniweza. Wallahi nami nimeshapita chini ya mti kama huo, nikageuza uso.

Dada wa Ng'ambo
Mtoto wa Mtambwe umenitoa mafichoni, mie husoma tu humu siandiki.

Niko Uholanzi mwaka wa tisa. Mama yangu ni wa Wete, Pemba. Nilimleta kwa mara ya kwanza mwezi wa sita, nimemuahidi maua ya tulipu kama yale ya kalenda. Nimejipanga, tikiti ya treni, maandazi kwenye kontena, tukafika sehemu za Lisse. Hakuna ua. Majani na harufu ya mbolea. Sikujua kwamba ile bustani kubwa ya Keukenhof inafunguliwa kama wiki nane tu kwa mwaka, kuanzia katikati ya Machi hadi katikati ya Mei, baada ya hapo geti linafungwa. Mama akasema, "Umenipandisha ndege kuja kuniangalisha konde la muhogo." Mpaka leo ndugu zangu wananicheka.

Mara ya pili alikuja Aprili. Bustanini akachoka haraka, alisema watu wengi kuliko maua (na kule hupandwa vitunguu vya maua kama milioni saba kila mwaka, sasa fikiria watu). Lililomkamata ni mashambani, nje ya bustani. Konde jekundu tupu, hadi upeo wa macho, na mkulima anapita na mashine anakata vichwa vya maua yote. Yamechanua vizuri kabisa, anayakata, yanabaki chini mistari mistari. Nikaona mama ataudhika. Kumbe anatikisa kichwa kama anayejua. Nikamweleza: hawa hawauzi ua, wanauza kitunguu kilichoko chini, ua likiachwa linakula nguvu za kitunguu. Akasema, "Hata hawa nao ni wachumaji." Akawa na furaha siku nzima. Alipiga picha mashine, maua hakupiga.

Rehani Kavu
😂😂 konde la muhogo.

Kidole Juu
Dada hapo juu, viza unapataje?

Dada wa Ng'ambo
Njoo pembeni.

Mgeni wa Baridi
Sasa mie nitatoa yangu, ila msinihukumu. Nina kesi nyumbani kwa ajili ya maua na ina mwezi wa pili sasa.

Nilisoma habari za Kitulo. Kwa wasiojua, ni hifadhi ya taifa kule Nyanda za Juu Kusini, ilitangazwa 2005, uwanda uko juu kama mita 2,600, na wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Aina za mimea kama 350, okidi peke yake zaidi ya 40. Maua yake ni wakati wa mvua, Novemba hadi Aprili hivi. Ikanikaa kichwani. Mama watoto anaweka pesa za bati za jiko la uani, mie ndiye mtunza mkoba. Nikasema nachukua kidogo, nitarudisha kabla hajajua. Nikamwambia nina semina Mbeya, siku tano.

Boti hadi Dar, basi alfajiri, Kitonga tumepanda nimefumba macho. Nikashuka Chimala usiku nikalala nyumba ya wageni. Asubuhi gari ya kupanda Matamba. Ile barabara inaitwa Hamsini na Saba, kwa sababu ya kona. Hamsini na saba! Sisi kwetu kilima ni kile cha kushukia Mkoani, Pemba. Mvua imenyesha usiku, tope jekundu, na kwenye kona fulani (nilikuwa nahesabu, nikapoteza hesabu kwenye thalathini na kitu) gari ikaanza kurudi nyuma yenyewe. Kinamama wa viazi wakashuka kimya kimya kama wanaoshuka daladala kituoni, mmoja akatia jiwe nyuma ya tairi. Mie nimebaki ndani nasoma kila nilichofundishwa chuoni. Yule mama akanigongea kioo, "Shuka kaka, sukuma." Nimesukuma na makubadhi.

Kufika juu, baridi. Nimevaa fulana mbili na koti la mkopo, meno yanapiga ngoma. Ukungu. Sioni kitu, nikasema pesa za bati hizo zimekwenda. Saa nne hivi ukungu ukanyanyuka kama mtu anayekunja shuka, na chini yake jamani... Nyasi na maua hadi mbali, hakuna mti. Ya njano, ya zambarau, meupe madogo madogo chini kabisa, na mengine yamesimama peke yake kichwa cha rangi ya moto kama mwenge. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Nikamwomba mtembeza wageni anipige picha.

Nikataka kuchuma ua moja tu nimpelekee mke wangu. Yule kijana akanizuia, ndani ya hifadhi huchumi hata jani. Nikarudi mikono mitupu.

Wiki mbili baadaye mke wangu kaiona picha simuni. Akaikuza kwa vidole viwili. Kwanza akauliza semina gani ya majanini. Nikasema ukweli wote, hadi wa bati. Akanyamaza. Halafu akasema, "Mtu kaenda siku tano kuangalia maua, hakurudi hata na ua moja. Na kicheko hiki ulikuwa unamchekea nani?"

Rehani Kavu
Weeeee.

Ukwaju
Mke wako ana akili. Nani alipiga picha?

Mgeni wa Baridi
Nimesema, mtembeza wageni.

Ukwaju
Ana jina gani? Wa kike au wa kiume?

Mgeni wa Baridi
Wa kiume yakhe! Kijana wa pale pale.

Kidole Juu
Kwenye picha kuna kivuli? Angalia kivuli kama kina mtandio.

Mgeni wa Baridi
Ukungu ndiyo kwanza unanyanyuka, kivuli kitoke wapi.

Kidole Juu
Majibu anayo haraka huyu.

Bi Langilangi
Nyie wanaume mnacheka lakini mwanamke hakukasirika kwa mwanamke. Kakasirika kwa bati, na kwamba hukumchukua. Mie mume wangu aliniambia habari za mlangilangi uliochanua nyuma ya ofisi yao, akawa anausimulia wiki nzima. Nilinuna. Ningeletewa moja tu la kutia kwenye nywele ningenyamaza.

Mtoto wa Mtambwe
Bi Langilangi kapiga penyewe.

Ukwaju
Aombe radhi anunue bati, basi.

Rehani Kavu
Asinunue bati kwanza, akinunua ni kama anakiri. Ampeleke Kitulo.

Babu Pishi
Usimpeleke. Akifika na baridi ile atakumbuka bati kila kona, zote hamsini na saba.

Mpita Njia
Mie nimefanya kazi Makete, huko huko Kitulo. Si kila ua la kule linaangaliwa, jamani. Mizizi ya zile okidi inachimbwa inaliwa, wanaita chikanda, na inavushwa hadi Zambia. Mnakwenda kupiga picha, mwenzenu anaona chakula. Na ukienda chukua soksi za sufu, viazi nunua pale pale Matamba.

Asumini ya Jioni
Jamani nimeuliza niende wapi, mmenigeuzia jamvi kuwa mahakama ya kadhi.

Dada wa Ng'ambo
Njoo Aprili. USIJE mwezi wa sita.

Mpita Njia
Kitulo, Januari au Februari. Desemba barabara bado ina ubishi.

Mgeni wa Baridi
Barabara ina ubishi miezi yote.

Rehani Kavu
Kama pesa ndogo, Arusha mwezi wa kumi na wa kumi na moja, mijakaranda imeangusha zambarau barabarani. Unatembea bure. Usivae viatu vyeupe.

Ukwaju
Au kaa hapa hapa, mwezi wa kumi na mbili miti ya krismasi yote myekundu, huhitaji boti.

Bi Langilangi
Na mkadi je? Au kilua? Mnataja ya watu tu. Kilua ukikipata kimoja ukakifunga kwenye ncha ya kanga, siku ya tatu bado kinanukia. Hicho hakiangaliwi hata kidogo, kwa macho hakina maana, kinanuswa.

Asumini ya Jioni
Bi Langilangi kilua kinapatikana wapi siku hizi? Darajani sijakiona.

Bi Langilangi
Uliza wenye vikuba, mapema, kabla ya adhuhuri. Jioni wamebaki na asumini tu, nayo wanayo jioni kwa sababu inachumwa kabla haijafunguka.

Babu Pishi
Mnaona? Asumini nayo inachumwa imefumba. Nilisema tangu mwanzo mkaniita mfanyakazi.

Mtoto wa Mtambwe
Mgeni wa Baridi, msikilize mdogo wako. Mchukue mke wako mje Mtambwe msimu huu. Uani kwetu kuna mkarafuu mmoja wa pembeni, mzee amekua sasa, huo hatuuchumi tena wote, juu unafunguka. Atachuma maua hadi ajaze mtandio, hakuna wa kumzuia. Kula na kulala juu yetu.

Mgeni wa Baridi
Nimemsomea hii sasa hivi. Kacheka. Ndiyo mara ya kwanza tangu mwezi juzi.

Anauliza picha atapiga nani.