Msaada: mtoto kazima antivairasi ili aweke gemu, sasa kompyuta haieleweki

Baba Naomi: Wakuu, habari za jioni. Nina kompyuta ya mezani hapa nyumbani, Windows 10. Mke wangu anafanyia hesabu za duka, kijana anachezea gemu. Juzi kashusha gemu la mpira la kukreki, ndani kuna faili la maelezo, mstari wa kwanza: zima antivairasi. Naye kazima! Gemu halikufunguka, ila tangu jana feni inavuma kama jenereta, na leo akaunti ya Facebook ya mama yake imetumia watu linki za ajabu. Nifanyeje? Hesabu za miaka 2 zimo humo.

Kigoda: Naweka kigoda hapa nasubiri wataalamu. Wangu naye ana tabia hiyohiyo.

Fundi Mstaafu: Mkuu, kata intaneti sasa hivi. Hiyo ni trojani, programu hasidi inayojifanya kitu cha kawaida. Feni kuvuma, huenda wanachimba sarafu za mtandaoni kwa umeme wako, lakini kinachonitisha ni hiyo Facebook. Programu za ujasusi hukomba nywila ulizohifadhi kwenye brauza pamoja na vidakuzi, yaani vijifaili vinavyoiambia tovuti kwamba ulishaingia, kwa hiyo mwizi anaweza kuingia hata bila nywila. Shika simu, SIYO hiyo kompyuta, ubadilishe nywila: anza na barua pepe, ndipo Facebook, na utoe vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti.

Kisha washa Defender, antivairasi ya Windows yenyewe, rudisha intaneti kidogo ijisasishe, uchague ukaguzi wa "Offline". Itajizima na kuwaka, ikague kabla Windows haijaamka. Kama dakika 15 hivi.

Mzee wa Gigabaiti: Weka antivairasi tatu, moja ikilala nyingine inadaka.

Fundi Mstaafu: Zitagombana zenyewe kwa zenyewe, na mashine itakuwa kobe. Ya ulinzi iwe moja.

Dada Steshenari: Kwenye kunakili hesabu, chukua faili za Excel tu. Kwanza washa vimalizio vya majina ya faili vionekane. Dukani kwangu zinaletwa fleshi kila siku, unakuta kitu kina alama ya Excel, kumbe jina lake ni hesabu.xlsx.exe, yaani ni programu, siyo hesabu. Na kijana mfungulie akaunti yake isiyo na mamlaka ya kuweka programu.

Baba Naomi: Nimerudi. Imekamata mbili: moja kwenye folda la gemu, nyingine ilishajipanga kuwaka pamoja na Windows.

Fundi Mstaafu: Nakili hesabu, upige Windows upya. Mashine ikikubali weka 11. 10 iliachwa na Microsoft tangu 14 Oktoba 2025.

Baba Naomi: Nimempigia fundi wa mtaani. Elfu 15, na kuiaktiveti bure. Nikamuuliza, hiyo ya kuaktiveti haitaki antivairasi izimwe? Kasema, "Inataka bosi, ila dakika moja tu."