Bima ya afya kwa wote ila madaktari wachache, naombeni ushauri

Wakuu habari zenu, naandaa mada ya bima ya afya ya umma na nimekwama. Wengi wanasema serikali ikishampa kila mtu kadi basi shida imeisha, ila mi naona kadi haitibu mtu, anayetibu ni daktari, na daktari hapatikani kwa kupitisha sheria leo afu kesho yupo wodini, ni miaka mitano sita ya chuo, hapo bado mwaka wa mazoezi hospitali na ubingwa kwa anayetaka. Mfano Marekani, sheria ya 1997 iliweka kikomo kwenye nafasi za mafunzo ya madaktari zinazolipiwa na Medicare (bima ya serikali yao, hasa ya wazee), wakati wazee wanazidi kuongezeka, sasa foleni itapungua vipi? Afu bima ikilipa kiduchu au ikichelewesha madai, madaktari wanakimbilia wagonjwa wa keshi (na siwalaumu sana).

Swali langu, nitetee madaktari waongezwe kwanza, au bima itangulie ndo hela ya kuwaajiri ipatikane? Na manesi na matabibu wakiruhusiwa kufanya zaidi, pengo litazibika kweli? Mlioko mahospitalini au kwenye bima nisaidieni jamani, kukosoa ruksa, matusi hapana.