Umeokoka na bado unasikiliza bongo fleva? Tupeane uzoefu

Binti Sayuni: Bwana asifiwe wapendwa. Kikao cha sendofu ya mdogo wangu kimevunjika kisa DJ. Shangazi anataka nyimbo za injili tupu, bwana harusi anataka singeli. Ninyi mliookoka, muziki, tamthilia na TikTok mnaishi navyo vipi?

Mtu wa Tabata: Nilipookoka nilifuta zote. Nina amani.

Mpiga Kinanda: Amina, ila sebene lilikuwa la baa kabla halijafika kanisani. Leo nani anaimba pambio bila sebene?

Mtu wa Tabata: Limetakaswa.

Mpiga Kinanda: Na kikao gani?

Mama Neema: Mmenitonesha kidonda. Binti yangu alikuwa anaimba sauti ya kwanza kwaya ya vijana. Kwenye harusi ya binamu yake akacheza. Nguo ya heshima, mimi nipo, baba yake yupo, bibi yake anamtunza. Mtu akarekodi, akarusha mtandaoni. Jumapili, baada ya matangazo, mzee wa kanisa akamwita mbele, akasoma kwamba amesimamishwa kwa kucheza nyimbo za kidunia. Hakuna aliyemuuliza kitu. Akaambiwa avue joho pale pale, watoto wa shule ya Jumapili wanamtazama. Ana miaka 17! Tangu siku hiyo hakanyagi kanisani. Na wimbo wenyewe ulikuwa wa kumshukuru mama mzazi.

Siku hizi jioni nakaa naye tunasikiliza anavyovipenda. Namuuliza, huyu anamsema vipi mwanamke? Pesa anaiona vipi? Kuna nyimbo anazizima mwenyewe, sijamwambia.

Wa Kimara: Pole sana mama. Nimelia.

Mdau: Usharika gani huo?

Mtu wa Tabata: Usitajwe, tusichafue kanisa.

Wa Kimara: Kwani aliyemvua mtoto joho hadharani alikuwa analisafisha?

Mtu wa Tabata: Wazee wana wajibu wa kulinda kundi.

Mwalimu wa Kwaya Mstaafu: Wanangu, wamisionari wengi waliikataza hata ngoma. Miaka ya 1960 pale Makumira, chuo cha theolojia cha Kilutheri kule Arusha, mmisionari Howard Olson na wanafunzi wakakusanya tuni za asili, zikatiwa maneno ya imani. "Mfurahini, Haleluya" ya Bernard Kyamanywa, ya 1966, tunayoimba Pasaka, tuni yake ni ya Kihaya. Hata Paulo kule Athene alipita mjini akaziangalia ibada zao, ndipo akanukuu washairi wao. Matendo 17.

Mtu wa Tabata: Shikamoo mwalimu. Paulo alinukuu, hakucheza.

Mwalimu wa Kwaya Mstaafu: Marahaba. Daudi alicheza.

Mtu wa Tabata: Mbele za Bwana, si mbele ya DJ!

Baba Wawili: Kwangu simu zinazimwa saa moja usiku. Basi.

Wa Kimara: Wakaangalie kwa jirani?

Mpiga Kinanda: "Jaribuni mambo yote, lishikeni lililo jema." Andika mashairi ya wimbo kwenye karatasi, uyasome bila mdundo mbele ya mama yako. Ukishindwa kuyasoma, jibu umepata.

Mwalimu wa Kwaya Mstaafu: Mama Neema, usimlazimishe kurudi kwaya. Nenda wewe na baba yake mkaonane na mchungaji, na mwombeni aje nyumbani amsikilize mtoto.

Binti Sayuni: Na DJ wangu jamani?

Wa Kimara: Mpe orodha ya nyimbo mapema, shangazi na bwana harusi wakiwa wameikubali wote. Ukumbini mweke kaka yako karibu na spika.

Mtu wa Tabata: Kaka aliyeokoka.