Naomba ushauri: sindano za Kichina kwa maumivu ya kano ya kisigino

Habari zenu wakuu. Huu ni mwezi wa 5 tangu nianze kusumbuliwa na kano ya nyuma ya kisigino. Asubuhi nikishuka kitandani nachechemea, na nikipabonyeza nasikia kijivimbe kigumu kama shanga. Dawa za maumivu zinatuliza saa chache tu, na tumbo limeanza kuuma. Mazoezi ya kushusha kisigino taratibu kwenye ngazi siachi, najua kano hupona polepole.

Sasa nimeshauriwa akupancha, zile sindano nyembamba zisizo na dawa. Aliyewahi kuchomwa kwa shida ya kano, nafuu ilidumu au ilikuwa ya siku mbili? Walichoma palepale panapouma? Natumia dawa ya kuzuia damu kuganda, nahofia kuvilia damu. Nisaidieni jamani, nataka kutembea vizuri.