Mrejesho: yule binti wa mume wangu aliyekuwa hanisemeshi

Jamani, nimerudi. Mwezi wa tatu niliomba ushauri: nimeolewa Nkuhungu hapa Dodoma na mwanaume mwenye binti wa miaka 13, mama yake yuko Kondoa. Mtoto alikuwa hanisalimii, na baba mtu kazi yote ya kumkanya kanitupia mimi.

Wengi mlisema nimwachie baba. Tuligombana kwanza, siku mbili tumenuniana, ila akakubali. Sasa shule wakipiga simu anapokea yeye, na adhabu anatoa yeye. Nimeacha pia kulazimisha niitwe mama. Ananiita anti, inatosha.

Sio kwamba tumekuwa mashosti. Ila juzi nasonga ugali wa uwele, kaja jikoni mwenyewe, kachukua upekecho, akaanza kupekecha mlenda. Mara, "Anti, magadi umezidisha." Na kweli nilikuwa nimezidisha! Tangu nihamie hajawahi kuniambia maneno mengi hivyo.

Mama yake nilimpigia, mikono ikitetemeka. Tumekubaliana likizo ya Juni mtoto aende kwake. Kanitumia na karanga, kopo zima la sadolini.

Wifi ndiye bado. Habari zake nitawaletea siku nyingine.