Kuku wa wiki nane: nitawatofautishaje mitetea na majogoo kabla ya kumkabidhi mteja?

MfugajiMdogo (mwanzilishi wa uzi)
Ndugu wanajamvi, ninaomba ushauri wa wenye uzoefu. Nina kuku 14 wa kienyeji waliototolewa na makoo wawili nyuma ya nyumba yangu hapa Morogoro, na sasa wametimiza wiki nane. Jirani yangu ameniagiza mitetea sita wa kuanzia ufugaji na amekwisha kunilipa nusu ya fedha, akisisitiza kwamba hataki jogoo hata mmoja kwa kuwa wake anamtosha.

Watano wana upanga (ile nyama ya utosini) uliokwisha kuwa mwekundu, na hao sina shaka kwamba ni majogoo. Sita wana upanga mdogo, wa manjano iliyofifia, nao nimewahesabu kuwa mitetea. Wanaoninyima usingizi ni watatu waliobaki: wawili ni kishingo, wale wasio na manyoya shingoni, na mmoja ana damu ya kuchi, ile aina ya kuku warefu, naye ni mrefu kuliko wenzake wote na miguu yake ni minene, lakini upanga wake haufiki hata ukubwa wa punje ya mahindi. Mama mkwe ameniambia niwaning'inize kichwa chini, kwamba anayejikunja ni jogoo na anayetulia ni mtetea. Nimemjaribu kuku yule yule mara mbili, na nimepata majibu mawili tofauti.

BandaLaUani
Mkuu, hapo umechelewa. Jinsia huchaguliwa kwenye yai: lenye ncha kali hutoa jogoo, la mviringo hutoa mtetea. Bibi yangu alikuwa akiatamisha ya mviringo tu.

MamaKuku_Tanga
Ndugu BandaLaUani, bibi tunamheshimu, lakini hilo halina ukweli. Jinsia ya kifaranga hutoka kwa kuku jike mwenyewe, na huwa imekwisha kuamuliwa kabla yai halijapata ganda, ilhali umbo la yai hutokana na njia ya uzazi linamopita. Ndiyo maana koo mmoja hutaga mayai yanayofanana umbo msimu mzima, kisha akatotoa majogoo na mitetea wakiwa wamechanganyika.

Sasa nirudi kwako, mwanangu MfugajiMdogo. Upanga ni shahidi mzuri, lakini husema kweli pale tu unapowalinganisha kuku wa aina moja. Kuchi kwa asili ana upanga mdogo uliolala kichwani, awe dume au jike, kwa hiyo kumpima kwa upanga wa kuku wa kawaida ni kumwonea. Tena usiwaamini moja kwa moja hao sita wako, kwa sababu jogoo mchanga mwenye minyoo, au aliyegandwa na viroboto kichwani, hupauka upanga mpaka ukadhani ni mtetea.

Subiri manyoya ya kiunoni, pale mgongo unapokutana na mkia. Kuanzia wiki ya kumi hadi ya kumi na mbili hivi, jogoo huota hapo manyoya membamba, marefu, yenye ncha iliyochongoka na mng'ao kama yamepakwa mafuta, nayo huanza kuning'inia pembeni mwa mkia. Ya mtetea hubaki mapana, yenye ncha ya mviringo, yamelaliana kama magamba ya samaki. Mshike kuku jua likiwa limetoka, uyafunue kwa kidole. Usihukumu kwa kumtazama kutoka mlangoni mwa banda. Shingoni pia tofauti huonekana, lakini kwa kishingo huna cha kutazama huko, hivyo kiuno ndicho kitakachokusaidia.

Pwani_Kuku
Naomba kuuliza nikiwa Mombasa: je, haiwezekani kuwatambua wakiwa na siku moja? Nimeona picha za watu wakikunjua bawa la kifaranga.

MamaKuku_Tanga
Inawezekana, lakini bawa husema kweli kwa vifaranga wa koo na jogoo waliochaguliwa makusudi, ili majike yawahi kuota manyoya ya bawa kuliko madume. Kwa hawa wetu waliochanganyika utakuwa unabahatisha. Wako pia wanaochungulia sehemu ya haja, ufundi ulioanzia Japani katika miaka ya 1920, lakini huhitaji mafunzo marefu, na asiyeujua humuumiza kifaranga.

Daktari_wa_Kijijini
Ninaongezea jambo moja: ukimwona kuku wa rangi nyepesi ameanza kuota mabaka ya wekundu mzito au weusi kwenye mabega ya mabawa tu, mara nyingi huyo ni jogoo. Usitegemee vipi, yaani ile miiba ya nyuma ya miguu, kwa maana katika umri huu wote huwa na vidoa vidogo. Kuhusu jirani, mweleze ukweli na umwombe wiki nne. Akipelekewa jogoo asiyemtaka, mtagombana kwa muda mrefu kuliko huo.

MfugajiMdogo
Shikamoo mama, na ahsanteni nyote. Jirani amekubali kusubiri.

*(Wiki nne baadaye)*
Ninaleta mrejesho. Kishingo mmoja ameota manyoya membamba yanayong'aa kiunoni, na mwenzake ana mapana ya mviringo. Yule mwenye damu ya kuchi alijaribu kuwika juzi alfajiri, na sauti ikamkatikia njiani kama bawaba isiyotiwa mafuta. Lakini aliyenishangaza ni mmoja wa wale sita niliowaita mitetea. Baada ya kusoma maneno ya mama nilimshika nikakuta viroboto wamejipanga kuzunguka macho na upanga. Nikamsafisha, na wiki ya kumi na moja upanga ukaanza kuwa mwekundu, na kiunoni yakachomoza manyoya ya ncha kali. Kwa hiyo nimebaki na mitetea sita kamili, watano wa lile kundi na kishingo mmoja, nao wamekwenda kwa jirani leo asubuhi. Majogoo wanane ninao bandani, na wawili wamekwisha kuanza kupigana.