Nyenzo za Kiesperanto kwa ajili ya urafiki wa mataifa

Muulizaji
Ndugu zangu, natafuta nyenzo za bila malipo za kujifunzia Kiesperanto, ile lugha ya kimataifa ya kubuniwa, hasa zile zitakazoniwezesha kujenga urafiki na watu wa mataifa mengine na kushirikiana nao katika kazi za ustawi wa binadamu. Kukariri msamiati peke yake hakutanitosha. Nianzie wapi?

Mchangiaji wa kwanza
Anzia lernu.net, tovuti iliyofunguliwa mwaka 2002, ambayo ina kozi, kamusi na maelezo ya sarufi, yote bila ada. Sarufi haitakuchelewesha: kanuni zake za msingi ni 16, kila nomino huishia kwa -o, na kitenzi hakibadiliki kwa kufuata nafsi. Ukishamudu kuandika aya moja inayoeleweka, tafuta mtu wa kuandikiana naye, kwa sababu lugha hii hukomaa katika mazungumzo.

Mchangiaji wa pili
Nakubaliana na mwenzangu, ila ningependa kukazia upande wa ustawi, ambao wengi huusahau. Zamenhof, aliyebuni Kiesperanto, alikulia Białystok, mji wa Poland ya leo ambao Wayahudi, Wapolandi, Warusi na Wajerumani waliishi humo kwa kutoaminiana, na alipochapisha kitabu cha kwanza cha lugha yake mwaka 1887 alikuwa akitafuta dawa ya uhasama huo. Chama cha Ulimwengu cha Kiesperanto, kilichoasisiwa mwaka 1908, kilionyesha maana ya wazo hilo wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kilipopitisha barua za familia zilizotenganishwa na mipaka ya nchi zinazopigana kupitia ofisi yake ya Geneva. Huo, kwa maoni yangu, ndio utumizi bora kabisa wa lugha ya pamoja. Leo chama hicho kina makao yake Rotterdam, na kina mtandao wa wajumbe wanaojitolea kujibu maswali kuhusu miji yao au taaluma zao. Waandikie bila kusita.

Mchangiaji wa tatu
Ongeza Pasporta Servo, iliyoanza mwaka 1974: ni orodha ya wenyeji wanaowalaza bure wasafiri wanaozungumza Kiesperanto. Hata hivyo, watu wanaweza kuelewana kwa maneno na bado wakachukiana, kwa hiyo chagua mapema kazi moja mahususi, kama vile kutafsiri maelezo ya afya ya msingi, kisha umweleze kila rafiki mpya unachohitaji kutoka kwake.